Mguu wa Muzee na Udongo wa Viazi

Muzee alikuwa tayari kufa kuliko kuuacha mguu wake uchomwe Goma. Aliniambia hivyo asubuhi, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kisha akageukia ukuta na mazungumzo yakawa yamekwisha. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, chumba cha upasuaji kinanisubiri, na hasira zangu, ambazo wauguzi wa hospitali ile wamezizoea kama walivyozoea mvua, zikanipanda mpaka masikioni.

"Muzee," nikamwambia, "mguu huu umeoza. Ukibaki nao, utakufa nao."

"Basi nikufe nao," akauambia ukuta. "Tutaenda wote wawili."

Mimi ni mtoto wa Njombe, kwenye nyanda za juu za Tanzania, nilikolelewa na baridi na viazi. Nikasomea udaktari, nikawa mpasuaji, na siku moja nikasaini mkataba mfupi wa kwenda Goma, katika hospitali inayopokea watu walioumizwa na vita vya Kivu. Mama yangu alinifungia unga wa ulezi wa kunitosha mpaka nirudi. Unga uliisha, mkataba ukaisha, ukaja mwingine, na mimi bado nipo. Nikienda nyumbani likizo, shangazi zangu huniuliza kwa nini sirudi kufungua zahanati yangu kama watu wenye akili. Nami huwajibu kwa mzaha, maana jibu la kweli ni refu: sijamaliza kushangaa. Kuna mambo niliyoyaona kwa watu wa mji ule ambayo hata leo nikiyakumbuka nanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Wao nao hunicheka. Wanasema Kiswahili changu ni cha redio, kwamba nikimwuliza mgonjwa hali yake anasubiri nimalize ili isomwe taarifa ya habari. Nami niliwacheka wao, mpaka siku nilipokuwa nasimulia kazi yangu kwenye simu na mama yangu akaniuliza, "Mwanangu, huo muguu ndio nini tena?"

Wodi yetu ilikuwa ukumbi mmoja mrefu, vitanda vimepangwa pande mbili, madirisha yanatazama ua wa mawe meusi. Goma yote imekaa juu ya mawe hayo. Mlima Nyiragongo umewahi kuuteremshia mji moto, moto ukapoa ukawa jiwe, na watu wakarudi wakajenga palepale, kwa jiwe lilelile. Hilo peke yake lilitosha kunishangaza mwaka mzima. Ukitaka kuchimba shimo la choo unaita watu wenye nyundo. Udongo wenyewe, ule wa kushika mkononi, hununuliwa.

Kulikuwa na sheria mbili langoni. Bunduki inabaki nje, na hakuna kumwuliza mgonjwa ametoka upande gani. Kitanda kikipatikana, anayefuata anakilalia. Ndivyo Muzee alivyowekwa kando ya mgonjwa tuliyemwita Papa, yaani baba. Tungejua tunachokifanya, pengine tungewatenganisha kwa urefu wa ukumbi mzima, maana wahenga walikwisha kusema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja.

Muzee alikuwa mfugaji, mrefu, mwembamba, mwenye majivuno. Hata kitandani alivaa kofia yake ya kahawia, na kabla sijafika kumwona, mkewe alikuwa amekwisha kumpangusa uso na kumnyooshea kola. Papa alikuwa mkulima, mfupi, mwenye mikono mipana na mdomo usiochoka. Paja lake lilivunjwa na risasi, nasi tulikuwa tumeliunga kwa vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi, naye akapenda kuwaonyesha wageni vyuma vile kwa fahari. Wote wawili walikuwa Wakristo, wote wawili wa Masisi, na, kama tulivyokuja kujua, wote wawili wa kilima kimoja. Vita vilipopita pale juu, Muzee alijeruhiwa akiwafuata ng'ombe wake, Papa akiwa amelala kifudifudi katikati ya maharage.

Walijuana tangu utotoni. Na kwa miaka mingi hawakusalimiana. Kisa kilikuwa kipande cha ardhi kwenye mteremko, kule chini karibu na mto. Papa alisema babu yake ndiye aliyekifungua kwa jembe. Muzee alisema babu yake alilisha hapo kabla jembe halijafika. Ugomvi kama huo ungeweza kubaki wa majirani wawili, wakatukanana msimu wa kupanda na kusameheana Krismasi. Lakini wenye bunduki waliukuta, wakauchukua, wakaufanya wao. Watoto wa wote wawili walikuwa wametawanyika kwa sababu yake.

Nami nilikuwa na dawa yangu ya mambo hayo. Kila Alhamisi niliendesha kikao cha amani uani, viti vya plastiki vikipangwa kwa duara, na katikati kreti ya soda. Nilikuwa nimehudhuria semina nyingi, nilijua maneno mengi mazuri. Muuguzi mkuu wetu, mama Mkatoliki wa upande wa Bukavu aliyeweka rozari na kipimajoto katika mfuko mmoja, alikiita kikao changu "siku ya Fanta". Alisema watu wanaisikiliza chupa kwanza, halafu mimi.

Alhamisi moja, Muzee akiwa bado anaweza kukalia kiti cha magurudumu, wote wawili waliletwa uani. Nilizungumza juu ya kusikilizana. Nilipomaliza nikauliza kama kuna mwenye neno.

"Miye niko nalo," akasema Papa. "Huyu mutu aseme mbele ya batu: ile udongo ya ku muto ni ya nani?"

"Ni ya baba yangu," akasema Muzee, bila kumtazama.

"Baba yako alipita pale na ng'ombe. Kupita haina kukaa! Weye hauna udongo pale. Hata ya kujaza kikombe, hauna!"

Paja lililovunjika halimruhusu mtu kusimama, lakini Papa alijaribu. Chupa zilianguka. Tuliwarudisha ndani kila mmoja na msukumaji wake, na kwa kuwa vitanda vyao vilikuwa vimekaribiana, waliendelea kutukanana huko mpaka uji ulipoletwa. Muuguzi mkuu aliokota vizibo na kuniambia nisife moyo, soda yenyewe ilikuwa baridi.

Baada ya hapo mguu wa Muzee ukaharibika. Alikuja kwetu amechelewa, kidonda kimekwisha kukaa kwa majani na vitambaa, na tulikuwa tukipigana nacho kwa kila tulichokuwa nacho. Sasa weusi ulianza kwenye vidole ukapanda. Homa ikaja. Nilimweleza kwamba lazima niukate chini ya goti, na kwamba haraka ndiyo uhai wake. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza swali moja tu: ukishakatwa, unaenda wapi?

Nilimjibu kweli. Hospitalini kwetu kiungo kilichokatwa kilipelekwa kwenye tanuru.

Ndipo akakataa. Nikadhani ni woga wa kisu, nikamweleza habari za ganzi. Akanikatiza. Hakuogopa kisu.

"Dokta, weye uko Mukristu?"

"Ndiyo, Muzee."

"Siku ya parapanda, miye nitasimama ku kilima yetu, pahali baba yangu analala. Muguu yangu iko majivu ku Goma. Itanifikia na njia gani? Na barabara bameifunga!"

Wodi nzima ilicheka. Yeye hakucheka, na mkewe hakucheka. Nikajaribu njia nyingine, nikamwambia tutauzika vizuri makaburini, hapahapa mjini.

"Ndani ya hii majiwe?" Alionyesha dirishani kwa kidevu. "Hii majiwe imetoka mu tumbo ya mulima juzi tu. Haina baba, haina mama. Mutu anazikwa ndani ya udongo yao, Dokta. Barabara ikifunguka, muguu utanitangulia, miye nitafuata siku yangu. Nitangoja."

"Mguu haungoji!"

"Basi miye niko tayari kukufa," akasema, ndipo akageukia ukuta.

Niliondoka nikibamiza mlango. Muuguzi mkuu alinifuata kwenye korido, nami nikamwambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

"Sikio inasikia, Dokta," akasema. "Ni muguu ndiyo inakataa."

Nyuma yake alikuja mke wa Muzee. Hakuwa msemaji. Tangu waje alikuwa akikaa kwenye mkeka miguuni pa kitanda, maana kwetu pale kila mgonjwa huwa na wa kwake anayempikia na kumwogesha, na wake alikuwa huyu. Alikuwa ameshika ile kofia ya kahawia, amemvua ili asiikunje kwa homa.

"Miye sitaki kurudi mulimani na hii kofia peke yake," akaniambia. "Tafuta njia, Dokta. Weye uko na masomo."

Sikuwa na njia. Barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa kwa magari, na hata gari letu lenye bendera halikuruhusiwa kupita. Nilipiga simu kwa watu wakubwa niliokutana nao kwenye semina. Walinisikitikia sana. Mmoja aliniahidi kulitaja suala hilo kwenye mkutano.

Kilichopita ni viazi. Hilo nalo lilinishangaza tangu mwanzo: vita vikifunga njia, viazi vinajua vichochoro. Wanawake wa kule juu walivibeba mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, wakashuka kwa njia za miguu, mpaka pale walipokutana na wasukuma chukudu, yale mabaiskeli ya mbao yasiyo na kanyagio yanayobeba nusu ya mizigo ya Goma. Chukudu zikavifikisha Ndosho, sokoni. Huko ndiko binti wa Papa alikokuwa na meza yake. Aliuza viazi vya shamba lao wenyewe, vikiletwa na shangazi zake, na kila jioni alimletea baba yake chakula na habari za kilima.

Nilikuwa mteja wake, na mteja mkorofi. Viazi vya Ndosho huuzwa na udongo wake, umeganda kote, kiasi kwamba ukinunua ndoo ya viazi robo yake ni shamba. Mtoto wa Njombe hawezi kufumbia macho jambo hilo. Nililalamika kila mara, naye alinijibu kila mara kwamba kiazi kikivuliwa nguo mapema kinaoza, na kwamba ninaruhusiwa kumrudishia udongo nikishapika.

Sasa, siku ile Muzee alipougeukia ukuta, Papa alikuwa kitandani kwake, mkono wake ungeweza kumgusa jirani. Alisikia kila neno. Nilitarajia dhihaka, maana huyu ndiye aliyesema mbele yetu sote kwamba Muzee hana hata udongo wa kikombe. Alikaa kimya mpaka wagonjwa wa upande wa pili wakaanza kuuliza kama amezidiwa. Jioni binti yake alipokuja na sufuria, alimwinamisha, akamnong'oneza sikioni muda mrefu. Binti alimtazama baba yake, akauliza, "Kweli, Papa?" Akaondoka bila kusubiri sufuria imalizwe.

Asubuhi nilifika wodini nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nimepanga maneno makali, mengine nimeyaazima kwa bibi yangu. Homa ya Muzee ilikuwa imepanda, midomo imekauka, na mkewe alikuwa amefunga vitambaa vyao vyote ndani ya kanga, kama mtu anayejiandaa kuondoka na maiti. Nilipoona fundo lile, nikayaacha maneno yangu yote.

Binti wa Papa akaingia. Alikuwa na kiroba mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Aliomba beseni, akaliweka sakafuni kati ya vitanda vile viwili, akafungua kiroba na kumimina. Ulikuwa udongo. Udongo mweusi, laini, una mizizi myembamba ndani yake na hapa na pale kiazi kidogo kilichosahaulika. Tangu jioni iliyopita alikuwa amekaa na wanawake wa meza za jirani wakikung'uta gunia moja baada ya jingine, viazi vya shamba lao tu, kimoja kimoja, kwa mikono. Alikubali viazi vyake vyote vikae uchi.

"Muzee," akasema Papa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina hilo la heshima. "Geuka. Angalia."

Muzee aligeuka taratibu. Alitazama beseni. Akanyoosha mkono, mkewe akalisogeza, naye akachota kidogo, akafikicha kwa vidole, akanusa. Kisha akaweka chembe ulimini. Nilitaka kumzuia, daktari ni daktari, lakini muuguzi mkuu alinishika kiwiko.

"Hii ni ya chini," akasema Muzee. "Ni ya ku muto."

"Ni ya ku muto," akasema Papa.

"Pahali ng'ombe zangu zilikuwa zinakunywa."

"Pahali ng'ombe zako zilikuwa zinakula maharagi yangu!"

Hakuna aliyecheka. Hata ndugu wa wagonjwa waliokuwa wakipita na ndoo walisimama. Muzee alikuwa bado ameshika ule udongo.

"Weye ulisema hii udongo haina yangu," akasema. "Ulisema mbele ya batu, siku ya Fanta."

"Nilisema."

"Na sasa?"

Papa alitazama vyuma vya paja lake, akavigusa kimoja kimoja. Sijui alikuwa anapima nini. "Sasa weka muguu yako ndani, unyamaze," akasema. "Barabara ikifunguka tutaupeleka mulimani, kule ku muto. Miye niko shahidi."

Ilinichukua muda kuelewa nilichokishuhudia. Katika vilima vile hakuna anayebishana na kaburi. Unaweza kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa mpita njia, unaweza kumchomea nyumba, lakini alipozikwa mtu wake hapo ni pake, na hakuna mkutano utakaolibadilisha hilo. Papa alilijua kuliko mimi, kuliko hata Muzee aliyelemewa na homa. Alikuwa ametoa kwa mkono wake mwenyewe ushahidi wa kumshinda katika kesi ya maisha yake yote, akautoa wodini, mbele ya watu, ili jirani asiyemsalimia asife. Nimesikia hotuba nyingi za amani na nyingine nimezitoa mimi. Sijawahi kusikia iliyofikia beseni lile.

Muzee akaurudisha udongo ndani ya beseni, akakung'uta vidole vyake juu yake ili isipotee hata chembe. Kisha akanitazama.

"Dokta, weye unangoja nini?" akauliza. "Ulisema muguu haungoji."

Nilimkata saa ileile. Nilimkata vizuri, na nilipokuwa nashona niligundua kwamba ninalia ndani ya barakoa, jambo ambalo halimsaidii mshonaji. Muuguzi mkuu alinifuta macho kwa pamba. Kuhusu tanuru, yeye ndiye aliyekwenda kwa mkurugenzi. Sijui alimwambia nini, alirudi na ruhusa na rozari mkononi.

Sanduku lilitengenezwa Ndosho, kwenye karakana za maseremala zilizo nyuma ya soko. Fundi alimwuliza binti wa Papa kama ni la mtoto, akawa tayari kumpa pole. Alipoambiwa ni la mguu wa muzee mmoja wa Masisi, alilipiga randa hadi ndani, pasipoonekana na mtu. Tuliuweka mguu humo, umefungwa kwa kitambaa na chokaa, tukaujazia ule udongo juu na chini, mpaka hakuna sehemu yake iliyogusa kitu kingine. Sanduku tukalitia katika shimo lililovunjwa kwa nyundo kwenye mawe nyuma ya jiko, na udongo uliobaki tukaumwaga juu yake. Papa alisisitiza kuwepo. Alikuja kwa magongo, jasho linamtoka, akarusha konzi ya kwanza. Muuguzi mkuu alifungua mdomo kuomba, akasita, kwa sababu hata kitabu chake kinene hakina sala ya mguu. Akasali Baba Yetu, nasi tukaitikia.

Tuliporudi wodini Muzee alikuwa ameamka, mweupe midomo, kofia kichwani.

"Udongo ilitosha?" akauliza.

"Ilitosha," akasema Papa, akijitupa kitandani. "Kidole moja tu ndiyo ilibakia inje."

Muzee alitazama dari. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichomwumiza, akamwomba mkewe amshike mbavu. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Alikuwa na mwanya.

Wasomaji wasidhani walikuwa marafiki tangu hapo. Waligombana kila siku. Waligombania dirisha lifunguliwe au lifungwe, waligombania kama ng'ombe ana akili kuliko mbuzi, na ule mpaka wa mtoni waliupima upya kitandani kwa vijiko na sahani. Lakini waligombana wakitazamana, na mwanamke yule wa kimya alipopika, alipakua sahani mbili. Wagombanao ndio wapatanao, alisema muuguzi mkuu, ila hawa angependa wapatane kwa sauti ya chini. Mimi Alhamisi niliendelea kuleta soda. Hotuba niliziacha. Niliuliza swali moja tu, nikakaa kusikiliza, na mara nyingi sikupata nafasi ya kuuliza la pili.

Kisiki cha Muzee kilipona. Tulimtengenezea mguu wa bandia, na kwa majivuno yake akataka kiatu chake king'arishwe pande zote mbili sawa. Bado alihitaji magongo kwa safari ndefu. Paja la Papa liliunga kabla ya hapo, vyuma vikatoka, akaruhusiwa, akaenda kukaa kwa binti yake Ndosho kusubiri njia. Alikuja kila alasiri kugombana, kisha akaenda zake.

Habari za barabara zililetwa na wanawake wa viazi, kabla ya redio na kabla ya watu wangu wakubwa wa semina. Magari yanapanda, walisema. Haijulikani kwa muda gani, lakini yanapanda.

Tulifukua. Ilikwisha kuwa mifupa tu, safi, miepesi, na muuguzi mkuu aliipangusa na kuiweka katika sanduku dogo ambalo yule fundi wa Ndosho alilileta mwenyewe bila kuagizwa. Nikauliza habari za udongo, kama nao unarudi. Papa aliutazama, akautikisa kwa ncha ya kiatu.

"Hiyo tunakuachia, Dokta," akasema. "Kila siku unalia kwamba tunakuuzia udongo. Leo chukua bure."

Wanawake wa jikoni wamepanda lengalenga pale, kwenye kipande kile cheusi katikati ya mawe. Nimeila, na Njombe haina mboga inayoifikia.

Lori lisingeweza kuingia langoni, liliwasubiri kwenye barabara kubwa. Mke wa Muzee alijitwika mafurushi. Binti wa Papa alibeba sufuria na mkeka. Muzee alisimama katikati ya magongo yake, kofia imenyooka, kiatu kinang'aa, mikono yote miwili imeshikilia mbao. Sanduku likabaki chini, kwenye mawe. Tulilitazama sote. Nikainama kulichukua, lakini Papa alinisukuma kando kwa bega, kwa upole wa mkulima, ambao si mwingi.

Akalinyanyua, akaliweka begani, akalishikilia kwa mkono ule mpana. Akatangulia, akichechemea kidogo upande wa lile paja. Mtu aliyesema mbele yetu kwamba Muzee hana hata udongo wa kujaza kikombe alikuwa anambebea mguu kwenda kuzikwa katika udongo ule.

Muzee alimfuata kwa magongo, macho hayabanduki kwenye sanduku. Palipokuwa na jiwe lililoinuka, Papa aliyumba, na nilimsikia Muzee akipaza sauti nyuma yake.

"Polepole! Usiniangushe."

Papa akasimama. Akalihamishia sanduku bega la pili, lile la upande wa mguu wake mzima, akaendelea kutembea.